Mashine Inayofungwa kwa Mkono Mmoja

Jumanne, 3 Februari

Barafu, mpwa wangu,

Jumamosi yoyote atakayokuja akakuta friji yangu haina chakula cha siku tatu, nyumba hii itapangishwa, na mimi nitahamia chumba cha nyuma kwake. Kasema mwanangu Meneja mwenyewe, Jumamosi saa nane mchana, akiwa amesimama jikoni kwangu na mlango wa friji ameuacha wazi. Nilimwomba arudie ili nisikosee kuyaandika. Akarudia.

Sasa salamu. Mimi mzima. Fundi cherehani wa mlango wa pili anakusalimu, anauliza kama ile sketi uliyoishonesha hapa bado inakuenea. Nimemjibu kwa niaba yako kwamba haikuenei. Meneja kapandishwa cheo kule ghalani, sasa ana watu arobaini wa kuwaamuru na bado hawamtoshi. Unakumbuka jina hilo tulimpa ana miaka sita, kwa sababu alikuwa akitupangia nani akae kiti gani mezani. Mkewe kapata kazi mji mwingine, anarudi kila mwisho wa mwezi. Wewe je? Kikohozi cha chumba cha baridi kimekuachia? Mumeo na lori lake wamefika wapi?

Jambo lenyewe ni hili. Ni kweli friji ilikuwa tupu: nusu kitunguu na chupa ya maji. Sokoni siendi tena kila siku. Barabara imechimbwa, na goti langu siku hizi lina maoni yake. Naenda mara moja kila siku kumi, nanunua vya kutosha, napika. Siku ya nne maharagwe yanachacha. Nyama niliyoitia kwenye friza inakauka kingo, inakuwa nyeupe kama chaki, ukiipika unatafuna kandambili. Nusu ya ninachonunua naitupa, kisha anakuja mtu na kuniambia sijilishi.

Mimi sihitaji kuhamishwa. Nahitaji chakula kisichoharibika.

Nimekwenda duka la vyombo vya umeme nikaona mashine tatu za kufyonza hewa kwenye mfuko na kuuziba. Ya kwanza si ya umeme, ni pampu ya mkono, na mifuko yake ina vizibo. Ya pili ni ya umeme, bei yake ya chini. Kifuniko chake unakibana pembe mbili kwa pamoja mpaka kilie. Ya tatu ina mpini ubavuni, unaushusha tu. Hiyo imeizidi ya pili bei kidogo, ila boksi lake limechanika na muuzaji anaonekana mtu wa kushuka bei. Nilimuuliza ipi inadumu, akasema zote. Nikamuuliza ipi wateja huirudisha, akaanza kupanga betri kwenye rafu.

Wewe una miaka kumi na moja unafungasha samaki kwa mashine za namna hii. Nijibu: ipi inaziba kweli, ipi haitanifilisi kwa mifuko yake, na ipi inafungwa kwa mkono mmoja.

Shangazi yako


Alhamisi, 19 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na mzigo wa wiki mbili mfululizo, hata nywele zangu zinanuka dagaa. Kikohozi kipo lakini tumezoeana. Baba watoto yuko njiani na lori, alipiga simu juzi, kaharibikiwa na tairi mahali ambapo anasema kuna mbuzi wengi kuliko watu. Mwambie fundi cherehani sketi inanienea. Inanienea nikivuta pumzi, lakini inanienea.

Nakujibu kama ninavyowafundisha wageni kiwandani.

Pampu ya mkono iache. Inafaa kwa jibini na karanga. Kwa nyama utapampu mpaka usahau ulikuwa unapika nini, na vile vizibo vikiingia mafuta vinaanza kupitisha hewa.

Ya pili ndiyo watu wengi wananunua kwa ajili ya bei, na si mbaya. Lakini zile pembe mbili zinataka nguvu ya mikono yote, na ukibana upande mmoja vizuri na mwingine vibaya, hewa inarudi. Hizo ndizo zinazorudishwa dukani.

Chukua ya tatu. Kabla hujalipa, fungua kifuniko, angalia ule mpira mweusi unaozunguka. Uwe laini, usiwe na mpasuko, na mwambie muuzaji akuuzie wa akiba. Ukiisha huo mpira, mashine imeisha. Angalia kama ina kitufe cha kuziba bila kufyonza. Kina faida kubwa, utaona. Na usizibe mifuko mingi mfululizo. Mitano, kisha iache ipumue. Mashine ndogo ni kama binamu yangu Meneja, ikipata joto haisikii mtu.

Sasa nisikilize vizuri. Kuondoa hewa hakufanyi chakula kisiharibike, kunakichelewesha tu. Chakula kikizibwa bado kinataka baridi, na chako cha siku kumi kinataka friza. Kuna vijidudu vinavyopenda mahali pasipo hewa kuliko mimi ninavyopenda kulala, na havinuki, huwezi kuvijua. Usizibe kitu cha moto. Mchuzi na supu ugandishe kwanza kwenye bakuli, ndipo uzibe lile bonge, la sivyo mashine itakunywa mchuzi wako. Samaki akitoka friza, toboa mfuko kwanza, ayeyukie ndani ya friji, sio mezani. Na andika tarehe kila mfuko.

Mifuko usinunue dukani, wanakupiga huko. Nitakutumia mimi mia moja.

Na mimi nina swali moja. Umeuliza mashine ya kufungwa kwa mkono mmoja. Shangazi, mkono mwingine uko wapi?

Barafu


Jumatano, 11 Machi

Barafu,

Mashine uliyoichagua imenunuliwa, imefika, inawaka, na haifanyi kazi. Aliyetamka ni Meneja, Jumamosi iliyopita. Safari hii nilishindwa kumbishia, maana nilikuwa nimeizunguka tangu asubuhi.

Nashukuru kwa salamu. Huku wazima. Mjukuu mkubwa kang'oka jino, anadai fidia. Fundi cherehani kapokea jibu lako kuhusu sketi, kacheka hadi kapoteza sindano. Nafurahi kwamba mumeo kapata tairi. Natumaini kawaaga mbuzi kwa heshima.

Nilifanya kama ulivyosema. Nilikagua mpira, nikapata wa akiba. Boksi lililochanika likapunguza bei hadi karibu sawa na ile ya pili. Kitufe cha kuziba tu kipo. Kifurushi chako cha mifuko kilifika tarehe 4, mia kamili, safi, imenyooka.

Tarehe 7 niliziba mifuko kumi na minne, mitano mitano kama ulivyoagiza. Pampu inaunguruma. Mstari wa kuziba unatoka sawasawa. Nilimpa fundi cherehani auvute kwa mikono miwili, akasema mshono huo angeuuza. Lakini hewa haitoki. Mfuko unabaki umevimba kama shavu la mtoto aliyenuna. Meneja alikuja saa nane, akautazama, akaubonyeza kwa kidole.

"Mama, imekushinda."

"Haijanishinda. Haijafanya kazi. Ni vitu viwili tofauti."

"Kwangu ni kimoja," akasema, akaandika kwenye daftari lake. Ndiyo, siku hizi anakuja na daftari.

Hata hivyo alikuta chakula cha siku tatu, kwa hiyo bado nipo. Lakini nilikipika asubuhi ileile na sitaweza hivyo kila Jumamosi. Niambie nakosea wapi. Umeisoma barua yangu, unaijua mashine, unaijua mifuko.

Shangazi yako


Alhamisi, 9 Aprili

Barafu,

Wiki nne zimepita bila jibu. Posta nimeuliza: barua za kutoka huko zinafika kwa siku tano, na jirani wa juu kapokea mbili. Nakusalimu hata hivyo. Huku wazima, jino jipya limechomoza, barabara imefukiwa, imechimbwa tena.

Kosa nimelipata mwenyewe. Ndani ya boksi, chini ya karatasi ya maelezo, kulikuwa na mfuko mmoja wa majaribio ambao sikuuona mwanzoni. Niliuziba ukiwa na vipande vya karoti. Kwa sekunde ishirini ukazikumbatia karoti mpaka ningeweza kuzihesabu kwa kupapasa. Nikampelekea fundi cherehani mfuko huo na mmoja wa kwako, nikamwambia afumbe macho. Akapitisha kidole gumba ndani ya mmoja, kisha mwingine.

"Huu una vijimraba vimeinuka, kama kitambaa cha taulo," akasema. "Hewa ina pa kupita. Huu wako laini pande zote mbili. Ukiubana mdomo unajifunga wenyewe, hewa itoke wapi?"

Nikasoma karatasi ya maelezo, ukurasa wa tatu. Mashine ndogo ya nyumbani, inayofyonza kutokea mdomo wa mfuko, inataka mfuko wenye vijimraba. Mifuko laini ni ya zile mashine kubwa za kiwandani, ambazo mfuko mzima unaingizwa ndani ya sanduku na hewa inatolewa humo.

Sasa nikuambie kinachonisumbua. Miaka thelathini na moja niliandikia gazeti habari za mahakamani, na nimewasikiliza watu wengi wakisema "nilikosea". Nawajua waliokosea. Wewe umefungasha samaki kwa miaka kumi na moja. Tofauti ya mifuko hiyo unaijua ukiwa umelala. Barua yako ya Februari ilikuwa na kila kitu, mpaka joto la mashine. Kilichokosekana ni neno moja juu ya aina ya mfuko, kisha ukanitumia mia moja isiyofaa.

Sijakasirika. Nauliza. Nani alikupigia simu, na siku gani?

Shangazi yako


Jumatatu, 27 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Ni Meneja. Tarehe 22 Februari, Jumapili, nilikuwa nafua.

Salamu sina nyingi. Baba watoto karudi, tairi zima, yeye kachoka. Watoto wanasoma. Mimi barua yako nimekaa nayo mfukoni mwa koti la kazi siku kumi na tatu, mpaka imeshika harufu.

Barua yangu ya kwanza niliiandika kwa moyo safi, naomba uamini hilo. Mifuko yenye vijimraba nilishainunua, mia moja, iko chini ya kitanda changu hadi leo. Aina sikuitaja kwa sababu nilikuwa nakutumia mimi mwenyewe, ya nini kukuchosha? Kisha akapiga simu. Akasema, "Dada, unajua mama kaanguka bafuni? Mara mbili. Unajua kifundo cha mkono wa kushoto kilivunjika, na mara ya pili alilala sakafuni muda gani?" Nikasema sijui. Akasema, "Hujui kwa sababu hasemi. Na wewe unamnunulia mashine ili akae peke yake vizuri zaidi."

Nikaingiwa na baridi, mimi ninayeshinda kwenye barafu. Akaniambia, usimkatalie, hakatazwi yule. Acha tu ishindikane yenyewe. Na mimi nikaenda stoo ya kiwanda, nikaomba mifuko laini iliyokataliwa kwa chapa mbovu, nikaituma.

Kwa kukudanganya naomba radhi, Shangazi. Kwa kuogopa siombi. Nilikuuliza mkono mwingine uko wapi, ukanijibu habari za jino la mjukuu. Mimi nilikuficha mfuko. Wewe ulinificha mfupa.

Kwa hiyo mifuko ya vijimraba sitaituma. Itabaki chini ya kitanda mpaka uniandikie kilichotokea, chote, kama ulivyokuwa ukiwaandika watu wengine.

Barafu


Jumatano, 6 Mei

Barafu,

Radhi nimeipokea. Tuko sawa. Nasalimu nyumba nzima, lori likiwemo.

Taarifa uliyoitaka ni hii. Mwanamke wa miaka sitini na tisa, mwandishi mstaafu, alianguka bafuni kwake mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 12 Novemba, aliteleza kwenye sabuni, akainuka, akaoga. Mara ya pili ilikuwa tarehe 8 Januari, saa moja asubuhi. Kifundo cha mkono wa kushoto kilivunjika. Alilala sakafuni hadi saa nne na nusu, fundi cherehani aliposhangaa dirisha halijafunguliwa akasukuma mlango wa uani. Kwa muda huo wote aliimba, kwa sababu kupiga kelele kunachosha koo mapema. Mtoto wake aliambiwa na hospitali. Mpwa wake hakuambiwa na mtu, na hilo ni kosa la mwanamke mwenyewe.

Hatua zilizochukuliwa: fundi bomba kafunga chuma cha kushikia ukutani, skrubu nne, na kingine pembeni ya choo. Mkeka wa mpira umetandikwa. Sabuni sasa ya maji, kwenye chupa iliyofungwa ukutani. Fundi cherehani ana ufunguo, anagonga kila siku saa moja. Nisipojibu mara ya tatu anafungua. Plasta ilitolewa mwezi wa tatu. Mkono unashika kikombe, unashika kisu. Sufuria iliyojaa bado, na sidai vinginevyo. Ndiyo maana napika kidogo kidogo kwa siku mbili, naziba, nagandisha, kisha siku nane nachemsha mfuko mmoja tu. Ndiyo maana mpini, na si pembe mbili.

Meneja hana ubaya. Anaogopa kama wewe. Lakini hofu yake anataka mimi ndiye niibebe, chumba cha nyuma, dirisha linalotazama ukuta, nikiulizwa kama nimemeza dawa. Nimeshamkatalia mara tatu kwa adabu. Adabu imeisha.

Sasa kalisogeza jambo mbele zaidi. Kampata mpangaji, karani wa benki, atakuja kuiona nyumba Jumamosi, tarehe 30 Mei, saa sita. Nimesema aje. Nimewaalika wote wawili chakula cha mchana, kutoka kwenye mifuko. Mifuko gani, inakutegemea wewe. Naihitaji kabla ya tarehe 20.

Shangazi yako


Alhamisi, 14 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mifuko imeondoka leo na dereva anayemjua baba watoto, haipiti posta. Itakufikia Jumapili. Uliimba nini? Hapana, usinijibu, nitalia kazini na machozi yanaganda.

Nilimpigia Meneja nikamwambia.

"Dada, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana. Sasa nimekataa."

"Akianguka tena, utakuja kumwinua wewe kutoka huko?"

"Fundi cherehani ana ufunguo. Wewe unao?"

Nilisikia mashine za ghala zikipita nyuma yake. Hana. Mtu anayepangisha nyumba yako hana hata ufunguo wake. Hilo sijui ni lake au ni lako, ila mpe.

Nyama izibe imepanguswa maji, mfuko uache vidole vitatu juu. Ukikosa mara ya kwanza, kata mdomo, rudia. Usimwombe mtu akubanie.

Barafu


Jumapili, 31 Mei

Barafu,

Chuma cha bafuni kiko imara. Kathibitisha Meneja, jana saa nane kasoro robo, baada ya kuning'inia hapo kwa uzito wake wote, ambao umeongezeka.

Nakusalimu, huku wazima. Mifuko ilifika Jumapili ile uliyosema. Siku mbili zilinitosha: mifuko kumi na tisa, tarehe juu ya kila mmoja kwa kalamu nyeusi. Miwili ilivuta hewa baadaye. Niliikata, nikarudia.

Karani wa benki alikuja na futi ya kupimia. Akapima sebule, akapima chumba, akafika jikoni akasimama mbele ya mashine. Akauliza inaziba supu? Nikamwonyesha bonge la supu limenyooka kama tofali. Akauliza tena, kwa upole kabisa, "Mama, mashine hii inabaki na nyumba?"

"Inabaki na mimi," nikamwambia. "Na mimi nabaki na nyumba."

Akamtazama Meneja. Meneja akatazama futi. Nikawaambia wakae, nani akae kiti gani nilipanga mimi.

Meneja hakutaka nimchagulie mfuko. Akafungua friza, akachimba hadi chini, akatoa wa nyama.

"Hii ya lini?"

"Soma."

"Tarehe kumi na tisa." Akaunusa, hakuna cha kunusa. Akauchemsha mwenyewe, akala, akaongeza, akakwangua sahani. Karani akaaga saa nane kasoro dakika ishirini, kaandika jina la duka la mashine.

Tulipobaki wawili akasema, "Nionyeshe mkono." Nikamwonyesha. Akaukunja, akaukunjua, taratibu. Akaniambia siku ile ya Januari alifika hospitali akakuta mkono umefungwa na mimi nalalamikia chai. Hakujua aanze na lipi, akaanza na friji. Nikamlazia ufunguo kiganjani. Nikamwambia huu ni wako, si wa mpangaji. Akaenda bafuni kuning'inia kwenye kile chuma, nadhani alitaka pa kuwa peke yake.

Mpangaji hatakuja tena. Ukaguzi wa Jumamosi umefutwa, Meneja kalitamka hilo kwa kinywa chake na nimemwomba arudie. Tumekubaliana kwamba nikianguka tena, yeye ataambiwa siku hiyohiyo, na mimi mwenyewe ndiye nitakayemwambia. Wewe pia. Hakuna kuhama.

Alipokuwa mlangoni, mifuko miwili ya maharagwe kwapani, nikamuuliza mkewe akiwa kazini huko yeye anakula nini. Akasema mkate. Nikamuuliza friji yake ina nini. Akakohoa.

Nitaikagua Jumamosi, tarehe 27 Juni, saa sita mchana. Daftari nimeshanunua.

Shangazi yako